Furu wa Mgongo Mwekundu

Furu wanne walikufa kabla taa ya kizoeshi haijageuka nyekundu.

Fundi Mugeta alisimama mbele ya tangi la kioo nyumbani kwa Mama Nyangeta, ghorofa ya kumi na saba, Kirumba, akiwatazama wakielea chali. Kizoeshi, mashine yenye ukubwa wa birika, kiling'ang'ania ukingo wa tangi na kuendelea kunguruma. Kazi yake ni kumzoesha samaki mgeni maji mapya. Huchanganya maji aliyokuja nayo na maji ya tangi, tone kwa tone, siku mbili nzima, huku kikipima joto, chumvichumvi na sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Tangu kizoeshi kiingie Mwanza, mafundi walikuwa wameacha kutia mikono majini. Walitazama taa. Ikiwa ya kijani, walisaini na kuondoka.

Furu hawa wa mgongo mwekundu, samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wamekwisha humo kabla Mugeta hajazaliwa. Waliobaki walilelewa kwenye kituo cha kuzalishia samaki na marehemu mume wa Mama Nyangeta kwa miaka thelathini. Kituo kilipofungwa, mjane akakabidhiwa tisa. Hakukuwa na wengine popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinisalimie kwa sauti ya msibani. Niambie mashine yako imefanya nini."

Mugeta alikunja mkono wa shati, akauzamisha na kugusa jiwe. Lililia chini ya kidole kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Haya mawe umeyafanya nini?"

"Nimeyasugua. Wiki sita yamekaa humo, yameota utelezi, yananuka mtaro. Wageni wa mume wangu niwakaribishe kwenye uchafu? Nimechemsha maji, nikayasugua kwa jivu, na kioo nacho. Sabuni sikutia, mimi si mjinga."

Mugeta akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Ule utelezi ulikuwa hai, mama. Tuliupanda sisi. Una vijidudu vinavyokula sumu ya samaki. Ndiyo maana tangi liliachwa wiki sita bila samaki."

"Na mashine haikuona kama umetoka?"

"Mashine inapima maji, haipimi mawe. Tangi halikuwa na samaki, sumu ingetoka wapi? Ikawasha kijani. Samaki walipoingia, sumu ikaanza kupanda. Na kipimo chake cha hatari kimewekwa kwa sato. Sato ni mgumu. Furu hastahimili."

"Mbona hukunionya?"

"Imeandikwa kwenye kijitabu."

"Kijitabu. Siku ya kuwaleta ulikaa hapohapo ulipokaa sasa, ukanywa chai yangu vikombe viwili. Mawe yalikuwa yanang'aa. Hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Ukasemaje?"

Mugeta alijifuta mkono taratibu.

"Nilisema, mama, hongera, tangi lako safi."

Mugeta alizima kizoeshi, maana kikishawaka nyekundu kingemwaga maji yote kwa mkupuo na kuwaua waliobaki kwa mshtuko. Akateremka, akarudi na mawe matatu yenye utelezi kutoka tangi la karakana yake, akayapanga chini bila kuyasuuza. Kisha wakaanza kazi ya zamani: kikombe kimoja nje, kikombe kimoja ndani, wakipokezana. Mama Nyangeta aliwajua samaki mmoja mmoja. Alimwonyesha jike aliyevimba taya.

"Yule anaatamia mayai mdomoni. Mume wangu alikuwa akiyahesabu kwa macho tu, kupitia kidevu. Mimi naona kama ishirini."

"Asipotulia atayameza."

"Najua. Mimina polepole."

Saa nane mchana jike akameza mara mbili, taya likawa bapa. Mama Nyangeta aliona. Akachota kikombe kingine. Jioni jike akalala ubavu, akafa. Kesho yake asubuhi wakafa wengine wawili, na mchana maji yakawa sawa.

Mugeta alitoa fomu ya karakana. Palikuwa na nafasi ya chanzo cha hasara, akaandika: *Fundi hakugusa mawe.* Mama Nyangeta alitaka na jina lake yeye, aliyeyasugua, liandikwe. Mugeta akakataa. Mama akamnyang'anya kalamu, akaliandika mwenyewe.

Chini wakajaza hesabu. Furu waliokufa, saba. Mayai, kama ishirini. Miaka ya kazi ya marehemu, thelathini. Waliobaki, wawili, wenye afya, wanakula.

Wote madume.