Watu Thelathini na Wingu Moja

Kabla ya kunywa chai ya asubuhi, Ndila alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeruhusiwa kuifanya: kumsomea bibi yake mvua. Aliitoa simu ya bibi kwenye mkebe wa majani ya chai ilimolala, akaifuta kwa pindo la sweta ya shule, akafungua programu iitwayo Mbua.

"Leo hapa Zombe hakuna mvua mpaka jioni, Susu," alisoma. "Kuna upepo kidogo."

"Upepo wa kupepetea ndengu au wa kubeba turubai?"

"Hawajaandika hivyo."

"Basi waambie waandike," Susu Kanini alisema, akaenda zake kutandaza ndengu uani.

Aliyepaswa kuambiwa alikuwa chumba cha pili, bado amejifunika leso. Alikuwa Wavinya, dada yake Ndila, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyesomea kompyuta katika chuo kimoja Kitui mjini. Miaka miwili nyuma, mvua ya ghafla ilinyeshea ndengu za Susu zikiwa zimeanikwa. Zilichipua ndani ya magunia, na mnunuzi akazikataa mbele ya soko zima. Mwaka huo huo Wavinya alianza kutengeneza Mbua, ambalo ni neno la Kikamba la mvua. Sasa wakulima zaidi ya mia tatu waliifungua kila siku.

Ndila, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa na sehemu yake. Yeye ndiye aliyeweka maneno ya Kikamba katika programu. Tena ndiye aliyewasajili kina mama wote thelathini wa mwethya wa Susu, kikundi cha majirani ambao hulimiana na kuvuniana mashamba kwa zamu. Majina yao na namba zao za simu alikuwa ameziandika kwenye daftari lenye jalada la buluu. Mama yao aliuza chakula kule mjini Salama na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, na kila aliporudi, Ndila alimwonyesha daftari lile.

Ilikuwa Januari, ndengu zimeiva kila mahali. Jumatatu jioni, Ndila alimkuta Wavinya ameketi kwenye kigoda, chai yake imepoa hadi ikafanya utando.

"Wamebadilisha bei," Wavinya alisema.

"Nani?"

"Ile kampuni ya ng'ambo inayotupa habari za mvua. Mbua yenyewe haijui mvua, huuliza kwao. Wana ngazi mbili. Ya chini ni ya bure, na ilituruhusu kuuliza mara elfu tano kwa siku. Kuanzia Ijumaa ni mara mia moja tu. Sisi huuliza kama mara elfu mbili."

"Na ngazi ya juu?"

Wavinya aliitaja bei yake. Susu, aliyekuwa akichagua maharagwe, alisimamisha mikono. "Hao ni mbuzi wawili kila mwezi," alisema. "Mwisho tutafuga mbuzi wa kulisha simu."

Wavinya alikuwa katika kikundi cha mtandaoni cha watengenezaji wa programu wa Kitui na Makueni, watu kama arobaini, na siku hiyo kikundi kiliwaka moto. Alimsomea Ndila. Mmoja alikuwa ameiandikia kampuni malalamiko marefu kama hotuba ya harusi. Mwingine alitaka wote waihame siku moja ili isikie uchungu. Wa tatu alisema anauza kompyuta yake afuge kuku, kwa sababu kuku hajawahi kumtumia barua kwamba masharti yamebadilika. Kisha akaja Munyao wa Emali, aliyetengeneza programu ya kuwaambia madereva wa malori mahali barabara imenyeshewa.

"Mnalia nini?" Munyao aliandika. "Fungueni akaunti kumi kwa majina kumi. Kila jina lina maswali yake mia ya bure. Mimi nina sita tayari."

"Huyu ana akili," Ndila alisema.

"Huyu atalia. Sharti lao ni akaunti moja kwa programu moja."

"Lakini wao ndio wametuonea."

"Bei ni yao, Ndila. Uongo utakuwa wetu." Wavinya aliiweka simu chini. "Nimewaandikia niwaombe, kwa sababu ya wakulima. Wasipokubali, Ijumaa tunaifunga Mbua, na ndengu ziko nje."

Ndila alikuwa anaangalia daftari la buluu. Maswali elfu mbili yalihitaji akaunti ishirini. Pale mbele yake kulikuwa na majina thelathini.

Jumanne baada ya shule alianza kuzunguka na kompyuta ya zamani ya Wavinya, ambayo aliizoea kwa kazi ya maneno ya Kikamba. Aliandika jina la mama mmoja, kampuni ikatuma namba sita za kuthibitisha kwenye simu ya mama huyo, naye akaenda kuziomba.

"Mama Ndunge, kuna namba zimeingia kwako. Ni za Mbua. Nisomee."

"Macho yangu hayazioni, mwiitu, binti yangu. Chukua simu mwenyewe."

Hakuna aliyemuuliza swali. Nzilani, aliyekuwa mdogo kuliko wote katika mwethya, alimsomea akiwa anakamua mbuzi, kisha akampa papai la kupeleka nyumbani. Kufikia Jumatano jioni Ndila alikuwa na akaunti kumi na nane. Ukiongeza ile halisi ya Wavinya, ilibaki moja tu, na duka la Deqa lilikuwa njiani. Deqa, ambaye watu wote walimwita Mama Bile, aliuza sukari, kamba na maturubai pale sokoni, na aliwahifadhia wakulima magunia yao.

"Namba za siri sitoi," Mama Bile alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Hata mama yangu akipiga kutoka Garissa, sitoi."

"Ni ya Mbua tu, Mama Bile."

"Mbua naifungua kila siku na haijawahi kuniomba namba. Leo imepatwa na nini?" Alifunga sukari, akamtazama. "Jina langu umeliandika wapi?"

Ndila alichezea mkanda wa begi.

"Wavinya anajua?"

"Atafurahi akiona inafanya kazi."

"Sijauliza kama atafurahi. Nimeuliza kama anajua."

Ndila alisema atarudi, akatoka. Hakurudi. Usiku huo, Wavinya akiwa amelala, aliziunganisha akaunti zake kumi na nane na Mbua.

Ijumaa ikafika, Mbua ikafunguka kama kawaida. "Labda wamesahau kutupunguzia," Wavinya alisema, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Ndila alicheka naye. Lakini uji ulimshinda kumaliza.

Jumamosi, saa nne asubuhi, simu zote mia tatu ziliandika maneno mawili: Hakuna habari.

Wavinya alifungua barua ya kampuni. Akaunti kumi na tisa zimefungwa, ilisema, kwa sababu zote zinaitumikia programu moja. Chini yake kulikuwa na majina. Wavinya aliyasoma polepole. "Ndunge. Nzilani. Muthama." Kidole chake kikasimama. "Kanini. Ndila, hili ni jina la Susu."

"Ni mimi," Ndila alisema.

Alingoja kugombezwa. Wavinya hakupaza sauti. "Nilikuwa nimewaomba kwa heshima," alisema. "Sasa wataisoma barua yangu wakiwa na hii mkononi." Aliifunga kompyuta. "Lakini majina si yangu, ni ya wenyewe. Nenda ukawaambie. Leo wako kwa Mama Ndunge, wanapura."

Ndila alikwenda. Alipofika, uwanja wa Mama Ndunge ulikuwa vurugu. Wingu jeusi lilikuwa limeinuka upande wa Endau, na kina mama thelathini walikuwa wametupa fimbo za kupuria.

"Yangu imekufa," mmoja alisema akiigonga simu yake.

"Na yangu. Hebu nione kwako."

Hawa walikimbia nyuma ya ghala kutazama wingu, wale walirudi kutoka nyuma ya ghala kusema wamelitazama. Ndengu zilikaa pale zilipo. Susu Kanini alichukua kifuniko cha sufuria, akakipiga mara tatu.

"Watu thelathini kutazama wingu moja," alisema. "Na kazi itafanywa na nani? Nzilani, wewe una macho mazuri. Panda juu ya mwamba ule ututazamie. Likigeukia huku, paza sauti mara moja, sote tutasikia. Wengine shikeni fimbo."

Nzilani alipanda. Fimbo zilirudi kulia. Baada ya nusu saa sauti yake ilishuka kutoka juu, na kabla tone la kwanza halijaanguka maturubai yalikuwa yamekunjwa. Ni karai moja tu la ndengu lililolowa.

Ndila alisimama hapo, mdomo wazi. Halafu akakumbuka kilichomleta.

Alisema yote mbele yao wakiwa wamejibanza ghalani. Alisema jinsi alivyoandika majina, kwa nini simu zimezimika, na kwamba Wavinya hakujua.

"Kumbe jina langu limekwenda ng'ambo, na mimi mwenyewe sijafika hata Mombasa," Mama Ndunge alisema. Wachache walicheka. Nzilani hakucheka.

"Mimi nilikusomea zile namba kwa sababu ni wewe," alisema. "Angekuwa mtu mwingine, ningemfukuza."

Maneno hayo yalimuuma Ndila kuliko fimbo yoyote. Aliomba msamaha kwa kila mmoja, akitaja jina lake.

Nyumbani, Ndila alimsimulia Wavinya yote, mpaka ule mwamba. "Dada, sisi tunafanya kama wao kabla Susu hajapiga kifuniko," alisema. "Simu mia tatu zinauliza wingu moja. Kwa nini kila simu iende yenyewe? Mtazamaji mmoja aulize, simu zote zisikie."

Wavinya alisimama, akaketi, akasimama tena. Alifungua masharti ya kampuni na kuyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Jibu moja tunaweza kulihifadhi kwa saa nzima," alisema. "Tena tunaruhusiwa kuwagawia wakulima wetu wote, mradi tuonyeshe jina la kampuni. Mbua huangalia sehemu tatu. Mara moja kila saa, kwa sehemu tatu..."

"Sabini na mbili kwa siku," Ndila alisema. "Ishirini na nane zinabaki."

"Na mimi nilikaa wiki nzima nikilia bei."

Lakini akaunti ilikuwa imefungwa. Barua ya kuomba ifunguliwe Ndila aliiandika mwenyewe, Wavinya akamsaidia Kiingereza tu. Haikuwa ndefu. Akaunti kumi na nane nilizifungua mimi, aliandika. Dada yangu hakujua, na wenye majina hawakujua. Zifungeni zote. Ya dada yangu ni ya kweli.

Jumapili baada ya ibada walifanya kazi mpaka Mbua mpya ikawa tayari, imekaa kama gari lisilo na mafuta. Jumatatu hakuna jibu. Jumanne hakuna. Kina mama walipanda mwambani kwa zamu, na kila siku Ndila alipotoka shuleni, naye alishika zamu yake.

Jumatano alimkuta Wavinya amesimama langoni, kompyuta mikononi kama mtoto mchanga.

"Wamefungua," alisema. "Aliyejibu anasema wiki hii wamepokea mamia ya barua, nyingi za matusi. Anasema yako ndiyo ya kwanza kukiri kosa kabla ya kuomba kitu."

Alhamisi saa sita mchana, Mbua iliandika: mvua kubwa, Zombe, saa tisa. Juu mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na sokoni watu walibishana. Mama Bile hakubishana. Alianza kuburuta magunia ya wateja ndani ya duka.

"Unakimbia jua?" mtu mmoja alimtania.

"Ikiniomba namba, siiamini," alisema. "Leo haijaniomba kitu. Shika upande ule, acha kusimama."

Saa tisa na dakika kumi mvua ilipiga mabati ya Zombe kwa kishindo. Hakuna gunia lililokuwa nje. Kina mama wa mwethya walikuwa wamejaa chini ya paa la Mama Ndunge, na Nzilani akaanzisha wimbo wa shukrani kwa sauti iliyoshinda mvua. Alipomwona Ndila akiingia mbio kutoka shuleni, amelowa chapachapa, alimvuta katikati ya waimbaji na kumfunika kwa leso yake.

Jioni ujumbe uliingia katika kile kikundi. "Akaunti zangu sita zimefungwa," Munyao aliandika. "Nimesikia ya Zombe imewaka tena. Nifundisheni."

Wavinya alimpa Ndila simu. "Mjibu wewe. Wewe ndiye mwalimu." Ndila alieleza habari ya mwamba na mtazamaji mmoja. Kabla ya chakula watu kumi na mmoja walikuwa wamesema wataijaribu, na yule wa kuku akaandika kwamba kompyuta yake haiuzwi tena.

Susu Kanini aliyasikiliza yote yakisomwa. Kisha akaichukua simu yake, akamwekea Ndila mkononi.

"Mwiitu," alisema, "akili ulikuwa nayo hata siku ile unazunguka na daftari. Ila uliituma ikakutafutie njia ya kujificha. Ulipokuja mbele yetu ukasema kweli, ndipo akili yako ilipata nafasi ya kufanya kazi. Wale kina mama walikupa namba zao kwa kukuamini. Jana niliwauliza kama wangekupa tena simu zao uzishike. Nzilani ndiye wa kwanza kusema ndiyo. Imani hiyo uichunge kuliko ndengu."

"Nitaichunga, Susu."

"Sawa. Sasa nisomee ya kesho."

Ndila alifuta kioo kwa pindo la sweta, akafungua Mbua. "Kesho ni jua tupu," alisoma. "Na upepo wa kupepetea."

Susu aligeuka. "Wameandika hivyo?"

"Nimeandika mimi," Ndila alisema, "na Wavinya anajua."