Jino Moja Limekataa

— Mama, unafanya nini humo bafuni saa nzima?

— Naoha!

— Unafanya nini?

— Nimechema naoha! Niache!

Kuoga wapi! Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo na gauni la kulalia, nimebana mdomoni kile kidude cha plastiki chenye dawa ya kung'arisha meno. Ilikuwa siku ya kumi na nne, ya mwisho. Nikamsikia binti yangu anaondoka mlangoni huku anaguna. Nikakitoa kidude, nikasukutua, nikakenua.

Loh!

Meno yangu yalikuwa na rangi ya chai tangu niko msichana. Sasa yalikuwa meupe mpaka nikajiogopa. Yote, isipokuwa moja. La mbele, juu, upande wa kushoto. Hilo lilikuwa na rangi ile ile ya zamani, limekaa katikati ya wenzake kama mgeni ambaye hakualikwa. Nikalisugua na mswaki. Nikalisugua na kidole. Nikalisugua na kona ya taulo mpaka fizi ikatoa damu. Halikubadilika hata chembe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumamosi watu walikuwa wanakuja kunichumbia.

Ngoja niseme mimi ni nani. Nina miaka hamsini na minane, nina duka la kushona mapazia, na mtaa mzima unaniita Mama Mapazia. Mume wangu alifariki miaka saba iliyopita. Mwaka jana friji langu likazima, akaja fundi kulitengeneza. Alilimaliza siku ile ile. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama linaendelea vizuri. Akarudi tena. Friji zima kabisa, lina barafu mpaka linamwaga, na mtu bado anakuja kulijulia hali! Ana miaka sitini na miwili, mke wake alifariki zamani, na ananichekesha mpaka mbavu zinaniuma. Lakini kila nikicheka naziba mdomo na kiganja. Nimeziba mdomo maisha yangu yote. Nikachoka. Nikasema kabla mtu huyu hajaja kuniomba mbele ya ukoo, na mimi nataka nicheke mdomo wazi.

Nikampigia mdogo wangu simu.

— Limekataa.

— Nini kimekataa?

— Jino. Lile.

Ni yeye tu aliyejua kwamba lile jino si langu. Ni la bandia, nimekaa nalo miaka ishirini na sita. Daktari alinishikia vijino vya sampuli kimoja kimoja karibu na mdomo, akachagua kilichofifia kama wenzake ili mtu yeyote asitambue. Na kweli, hakutambua mtu.

— Dada, ulisoma karatasi ya dawa?

— Nilisoma. Imeandikwa siku kumi na nne.

— Na nyuma ya karatasi?

Nyuma sikusoma. Nikaenda kuifukua kwenye pipa la taka, nikavaa miwani. Imeandikwa waziwazi kwamba dawa haibadilishi rangi ya meno ya bandia.

— Umeniua, nikamwambia mdogo wangu, kana kwamba ni yeye aliyeandika.

— Mpigie daktari akubadilishie.

— Nimempigia. Anasema linachukua wiki mbili.

— Basi wakikuuliza, sema uliteleza bafuni.

— Wengine nitawaambia hivyo. Huo uongo nilikuwa nimeutunga kwa ajili ya majirani. Kwa mwanangu sitauweza. Yule akinitazama machoni nitamwaga yote.

— Ukimwaga kwani nini? Mtu mwenyewe amekufa.

— Ni baba yake!

Siku ile marehemu alinipiga ngumi moja tu. Sababu ilikuwa shati ambalo sikulipiga pasi. Jino likatoka, nikaenda kwa mdogo wangu wiki tatu, nikarudi nimetengenezwa, na yeye akawa mpole kama maji ya mtungi. Hakunipiga tena. Nilimsamehe? Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilimfunika. Nikamlea binti yangu akijua ana baba wa kujivunia, na kila mara akiniuliza, "Baba alikuwa mtu mzuri, si ndivyo mama?" nilimjibu, "Ndivyo, mwanangu." Na huyo huyo binti ndiye aliyekuwa hataki kabisa kumsikia Fundi. Anafanya kazi ofisi ya wakili, na kwake kila mtu ni mshtakiwa. Bila ridhaa yake mimi siolewi. Nilishaapa.

Sasa akiliona jino, ataniuliza. Akiniuliza, ama nimdanganye tena uso kwa uso siku ya uchumba wangu, ama nimuue baba yake mara ya pili. Nilizunguka jikoni, nikakaa, nikasimama, nikafungua friji, nikalifunga. Ndipo likanijia wazo. Kama jino haliwezi kuwafuata wenzake, basi wenzake walifuate jino!

Nikabandika sufuria ya chai ya rangi, majani vijiko sita. Nikawa nakunywa na kuizungusha mdomoni kabla ya kumeza. Meno yenyewe yameshalegezwa na dawa, kila funda linanichoma mpaka machozi.

— Mama, hicho ni kikombe cha ngapi?

— Cha tatu.

Kilikuwa cha tisa.

— Na mbona unaongea na ukuta? Nigeukie.

— Shingo imekaza.

— Kama hutaki hiyo Jumamosi, sema. Hakuna aliyekulazimisha kuolewa.

— Nani amesema sitaki?

— Unatetemeka, mama.

Ilikuwa chai. Usingizi haukuja, mikono ikawa haitulii, na Ijumaa nilishona pazia la mteja ndani nje. Na meno? Yalififia kidogo tu, sasa yakawa na mabaka. Nimejiharibu mara mbili! Saa nne asubuhi nikaandika ujumbe.

"Fundi, tuahirishe kesho. Sijisikii vizuri."

"Unaumwa nini? Nakuja."

"Usije. Tafadhali."

"Nimeshafika. Niko nje ya duka lako."

Nikaruka nyuma ya mapazia ya mteja yaliyokuwa yananing'inia, mtu mzima na mvi zangu. Nikaona viatu vyake vinaingia, vikasimama.

— Mama Mapazia, naona miguu yako.

— Rudi nyumbani, Fundi.

— Nitarudi. Niambie kwanza, umebadili mawazo? Kama umepata mwingine niambie tu, mimi si mtoto.

— Mwingine nimtoe wapi?

— Sasa kosa langu nini? Wiki mbili hunipokelei simu za video. Nikija unaniongelesha umenipa mgongo. Nimeshawatangazia ndugu zangu, nimenunua hadi suruali! Mimi nakupenda, mama. Sasa unanifanya nijione mjinga.

Sauti yake ilikatika pale mwisho. Sikuweza kujificha tena. Nikasogeza pazia, nikafungua mdomo wote.

Alitazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

— Hilo tu?

— Unasema hilo tu?

— Nilidhani una ugonjwa wa kufa! Nimekesha! Kumbe jino!

Akacheka mpaka akashika meza ya cherehani. Nikacheka na mimi, nikalia katikati ya kicheko. Akaacha kucheka.

— Lilipatwa na nini? akaniuliza polepole.

— Niliteleza bafuni.

Akavua miwani, akaifuta na pindo la shati.

— Sawa. Siku ukitaka kuniambia habari za hilo bafu, nitakusikiliza. Kesho saa tisa nakuja. Ukikataa, unikatalie mbele ya watu.

Jumamosi saa tisa sebule ilijaa. Upande wao, Fundi na kaka zake wawili. Upande wetu, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo na msemaji. Binti yangu amekaa pembeni yake na daftari mapajani. Daftari! Mdogo wangu jikoni anaandaa vikombe. Mimi nimekaa nimefumba mdomo, wakinisalimia naitikia kwa kichwa.

Shemeji akakohoa kidogo, akaanza.

— Hatumkatazi shemeji yetu kuolewa. Lakini mjue mnaingia nyumba ya nani. Kaka yangu alikuwa mwanamume haswa. Alimtunza mke huyu kama yai. Sasa tunataka kujua, huyu Fundi ataweza kuvaa viatu vyake?

— Nitajitahidi, akasema Fundi.

— Kujitahidi haitoshi. Binti, una maswali?

— Ninayo, akasema binti yangu. Akamgeukia Fundi, jicho kavu. Ukikasirika, huwa unafanya nini?

— Binti, hilo ni swali gani? shemeji akaingilia.

— Baba mdogo, umeniambia niulize.

— Maswali ya namna hiyo anaulizwa mtu wa mitaani! Nyumba hii haijui mambo hayo. Kaka yangu hakumnyooshea mama yako hata kidole, maisha yake yote. Shemeji, waambie wageni wasikie. Aliwahi kukugusa?

Wote wakanigeukia. Neno lilikuwa moja tu, na nimelisema miaka ishirini na sita bila kukwama. Hapana. Nikamtazama Fundi. Alikuwa anatazama sakafu, hanisaidii wala hanizuii. Nikamtazama mwanangu, na penseli yake imesimama juu ya daftari. Nikajua nikisema hapana, na huyu mwanamume wa leo nitaanza naye kwa uongo wa yule.

— Alinigusa, nikasema.

— Unasemaje?

— Nimesema alinigusa, shemeji. Jino hili si langu. La kwangu kaka yako alilitoa kwa ngumi, sababu ya shati.

Mdogo wangu akaacha vikombe, akasimama mlangoni. Shemeji akawa mwekundu wa macho.

— Marehemu hasemwi hivyo! Unamtukana mtu asiyeweza kujibu! Tena mbele ya mtoto wake!

— Nisamehe, mwanangu, nikasema. Sikuwa natazama mtu mwingine. Nisamehe. Sikutaka ujue.

Binti yangu akafunga daftari.

— Lilidondokea karibu na mguu wa meza, akasema.

— Nini?

— Jino. Nilikuwa na miaka sita, nimejificha nyuma ya kochi. Ulipoondoka kwenda kwa mama mdogo nililiokota, nikaliweka kwenye kibweta cha penseli. Nilidhani ukirudi daktari atalirudisha.

Nikageuka, nikautazama mguu wa meza.

— Ulijua? Miaka yote hii? Na mbona kila siku unaniuliza kama baba alikuwa mtu mzuri?

— Nilikuwa nasubiri useme hapana! Mara moja tu, mama! Ulivyokuwa unanijibu "ndivyo", nikasema basi, labda ndivyo anavyotaka kumkumbuka. Nikakuachia.

— Nilitaka uwe na baba.

— Na mimi nilitaka uwe na mume mzuri, hata wa kusimuliwa.

Nikaangua kilio mbele ya wageni, aibu iko wapi. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, na yeye analia, mwanasheria wangu wa uongo.

— Kwa hiyo hukumkataa Fundi, nikasema kwa kwikwi, kwa ajili ya baba yako?

— Nilimkataa kwa ajili yako. Mwanamume mpole mpole, anachekesha, kila mtu anamsifu. Na baba si alikuwa hivyo hivyo kwa watu?

Shemeji akainuka, akatafuta fimbo yake.

— Mimi siwezi kukaa nisikie kaka yangu anazikwa upya.

— Kaa, baba mdogo, binti yangu akasema bila kugeuka. Ulikuja siku ile ile jioni. Uliona damu kwenye kanga. Ukaniambia nikacheze nje.

Shemeji alibaki na fimbo mkononi. Kisha akakaa taratibu.

Binti yangu akafuta uso na kiganja, akamgeukia Fundi.

— Hujanijibu swali langu.

— Nikikasirika? Fundi akasema. Nanuna. Nanuna vibaya sana, sikufichi. Siku mbili, tatu, hakuna salamu. Marehemu mke wangu alikuwa anasema afadhali angeolewa na friji lenyewe. Mkono sijawahi kumnyanyulia mtu. Lakini hayo ni maneno yangu, na mimi ndiye ninayeoa. Usiniamini. Nina binti, nitakupa namba yake.

— Nimeshampigia. Jumanne.

— Ala!

— Nimeongea naye saa nzima, na jirani zako wawili, na fundi mwenzako mliyegombana. Wote wamesema unanuna.

Kaka mmoja wa Fundi akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko. Binti yangu hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, amenishika mikono, ananitazama nilivyo, mabaka na yote.

— Limebaki swali moja, na ni lako, mama. Usiniangalie mimi. Usimwangalie baba mdogo. Unamtaka?

Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mara ya kwanza aliulizwa baba yangu, mimi nikiwa jikoni nasikiliza. Nikanyanyua uso. Kiganja kikataka kupanda mdomoni kwa mazoea, lakini mwanangu alikuwa amekishika.

— Namtaka, nikasema.

— Sijasikia.

— Namtaka! Namtaka huyu huyu!

— Basi, akasema binti yangu, na akawageukia wageni. Mmemsikia mwenyewe. Mama mdogo, lete chai.