Kuni za Msiba Wangu

Kila Jumamosi pale kwetu Mjimwema kazi huanza kabla ukungu haujaondoka. Mjukuu wangu Aneth huwasha jiko, huchota maji, kisha hujitwika debe la mahindi na kwenda mashineni kusaga. Mimi, Bibi Esnath, hukaa barazani nikichambua viazi: vya mbegu huku, vya kula huku, vilivyooza kule mbali. Mama yake Aneth anafua mashuka hospitalini, Ilembula, na huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, na tunaelewana, ila mtoto huyu ana maneno kuliko redio.

Maneno hayo ndiyo yaliyompeleka kwenye klabu ya uandishi, shuleni kwao, akiwa darasa la sita. Kulikuwa na mfuko mmoja wa ng'ambo unaosaidia waandishi wa sehemu ambazo vitabu vyao havifiki madukani. Mfuko huo ulikubali kulipia kitabu kitakachoandikwa na watoto wa Njombe pamoja na watoto wa milimani huko Nepali. Ungelipa wafasiri, na kitabu kingechapwa kwa lugha zote mbili. Kila mtoto wetu alipewa mwenzake wa kule. Mwenzake Aneth aliitwa Sarita, naye anaishi na bibi yake, nao wanalima viazi kama sisi.

"Bibi, Sarita anasema kwao kuna baridi kuliko Makete!"

"Huyo hajafika Makete," nilimjibu.

Lakini nilifurahi. Niliona jinsi alivyotaka hadithi yake iingie kitabuni pamoja na ya Sarita. Hakuna kitu kingine alichokitaka, hata viatu vipya.

Basi Jumamosi moja Aneth alikuwa mashineni, nami nina kiazi mkononi, nikasikia pambio barabarani. Lilikuwa lile la msibani. Nikajisemea, nani tena katutoka? Nikachukua kanga nijifunge niwafuate. Kumbe wanakuja kwangu.

Walikuwa wanafunzi wa klabu, wote wa mitaa ya mbali, wamejipanga mstari, wengine na kuni kichwani, wengine wamebeba unga kwenye vifuko. Mbele yao alikuwa mwalimu kijana, amejitanda kitenge, macho mekundu. Sikuwahi kumwona, ila nilikisia kuwa ni Mwalimu Fidelia wa klabu, aliyehamia shuleni mwaka huu.

"Kamwene, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Poleni sana na msiba."

"Kamwene. Msiba wa nani, mwanangu?"

"Wa bibi yake Aneth. Tumechelewa kusikia, mtusamehe."

"Bibi yake Aneth ni mimi."

Kuni zikaanguka. Mvulana aliyekuwa mbele, Praygod, alirudi nyuma hadi akamkanyaga mwenzake. "Kafufuka!" akapiga yowe.

"Sijafufuka, kwa sababu sijafa," nikamwambia. "Okota kuni zako."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akatoa simu, akanionyesha video aliyotumiwa jana yake kutoka Nepali. Nikamwona bikizee mwenye makunyanzi kama yangu, shali begani, anawasha taa ndogo ya mafuta. Mwalimu akasema huyo ni bibi yake Sarita, akanisomea maneno yaliyoandikwa chini: "Nitawasha taa hii kila jioni kwa ajili ya bibi yake Aneth, aliyekufa kwa njaa baada ya kumwachia mjukuu wake kiazi cha mwisho."

Nikageuka nikatazama magunia yangu. Viazi vimejaa mpaka mlangoni.

Wakati huohuo Aneth akatokea, debe la unga kichwani. Akamwona mwalimu, akaziona kuni, akaniona mimi nimeshika simu. Akalitua debe polepole.

"Aneth," nikasema, "hebu niambie. Nilikufa lini?"

"Likizo iliyopita," akanong'ona. "Kule Makambako."

Kule Makambako ndiko klabu ilikofanyia semina, chini ya mratibu wa kitabu, Bwana Danford. Aneth alikuwa ameandika jinsi nilivyomfundisha kukitambua kiazi kilichooza kwa kukinusa, kabla macho hayajakiona. Danford akaisoma, akaitupa mezani, Aneth akatueleza.

"Alisema, 'Bibi mzima, viazi vipo, sasa nani atalia? Wenzetu wa nje hawamchangii mtoto aliyeshiba. Nipeni machozi!' Kwa hiyo nikakupa kikohozi, bibi. Akasema hakitoshi. Akasema lazima afe mtu. Nikaogopa kumuua mama, ana simu ya kupangusa, angeona."

"Na mimi je?"

"Wewe nilijua hutasoma."

"Nimefika darasa la nne mimi! Nani anakusomea Biblia kila jioni?"

Akainama. Hapo mwanya ukafunguka kwa wengine. Praygod akajikuna kichwa. "Mimi alinikata mguu. Kwenye hadithi yangu natembea na gongo."

"Mimi nalala zizini na mbuzi," akasema Jenifer, rafiki yake Aneth. "Wala hatuna mbuzi."

Nilisikia kinyaa. Umewahi kuingiza mkono guniani, vidole vikazama kwenye kiazi kilichooza? Unanawa kwa sabuni, unanawa kwa jivu, na harufu bado iko. Ndivyo nilivyojisikia. Si kule kufa kulikonichukiza. Mtu wa umri wangu kufa amekuzoea. Kilichonichefua ni mwanamume mzima kukaa na watoto wa watu na kuwafundisha kuuza aibu ambayo hata hawana. Na yule bikizee wa Nepali, huruma yake ya kweli imetumika kama chambo.

Mwalimu Fidelia akampigia Danford palepale, akaiweka simu sauti ya juu.

"Aah, bibi yupo?" tukamsikia akisema, bila hata kushtuka. "Basi asionekaneonekane tu. Halafu mwalimu, wiki ijayo naleta mpiga picha. Nitafutieni kaburi. Hata la jirani."

Nikaichukua simu. "Danford, anayeongea hapa ni marehemu."

Sauti ikawa ndogo: "Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. "Kaburi langu hulipati. Ila viazi vilivyooza ninavyo. Ukija nitakujazia gunia, maana naona ndiyo biashara yako."

"Bibi, usiwaharibie watoto," akasema kwa hasira. "Mkifungua mdomo, wafadhili watafunga mfuko na kitabu hakuna!" Akakata.

Watoto wote wakamtazama Aneth. "Ukisema, tumekosa sote," Jenifer akamwambia. Aneth akaanza kulia.

"Na mimi nina kosa," akasema mwalimu. "Niliacha hadithi zitumwe kutoka Makambako bila kuzisoma. Lakini mtoto hatachekwa peke yake. Nitasimama naye."

Mimi sikumlazimisha mjukuu wangu. Nilimwambia hivi tu: "Yule bibi anachoma mafuta yake kila jioni kwa ajili yangu, na mimi nakula viazi. Mimi siwezi. Wewe unaweza?"

Akafuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Mwalimu, nirekodi."

Akasimama mbele ya simu. "Sarita, mimi ni Aneth. Bibi yangu hajafa. Huyu hapa. Nilidanganya ili hadithi yangu ichaguliwe. Nisamehe wewe, na bibi yako anisamehe."

Nikaingiza kichwa. "Mwambieni azime taa. Mafuta ni ghali."

Wakaondoka, kuni wakaziacha. Kwetu kitu kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka. Nami sikutaka kupikia kuni za msiba ambao haupo. Zikakaa kona ya jiko, na kila asubuhi Aneth akiwasha moto alizipita bila kuzitazama.

Sarita hakujibu. Siku zikapita, Aneth akawa anakula kama kuku mgonjwa. Kwanza alipiga simu mama mmoja wa ule mfuko, aliyekuwa ameletewa ile video ya Aneth. Alizungumza na kila mtoto, akamsikiliza mwalimu. Danford akaondolewa, kazi akapewa Mwalimu Fidelia, na watoto wakaongezewa muda waandike upya. "Hatukuweka fedha kununua machozi," yule mama alisema. "Tulitaka kuwasikia ninyi."

Ndipo jibu la Sarita likaja. "Nilikulilia mpaka macho yakavimba. Bado nimekukasirikia. Lakini bibi anauliza, bibi yako anafanya nini viazi visioze?"

Aneth akacheka huku analia. Akakimbilia kalamu.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wote. Tukazikoka zile kuni, tukachemsha sufuria kubwa ya viazi, na Aneth akampakulia kila aliyembebea kuni au unga. Praygod akauliza, "Bibi, tunakula matanga?"

"Kula, wewe mwenye mguu mmoja," nikamjibu, na wenzake wakamcheka mpaka akapaliwa.

Walipotulia nikawaambia: "Wajukuu zangu, mtu anayetaka kukusaidia haombi uoze kwanza. Anayetaka uoze, mkimbie, hata akija na kitabu. Na wewe unayeandika, anayesoma anakupa moyo wake. Usimwekee uongo mkononi, harufu yake haitoki."

Aneth alikuwa akiandika kila neno. Nikamshika mkono.

"Na siku nikifa kweli, usiandike kwamba nilikuwa na njaa. Andika kwamba nilikuwa na viazi, na kwamba niliwapikia."