Kinyonga Aliyekimbia

Kila mtu anaujua mwendo wa kinyonga. Huinua mguu, akasita, akatikisika kama jani, kana kwamba anaiomba ardhi ruhusa. Huyu alikimbia.

Binti wa seremala alimleta nyumbani ndani ya kofia. Alisema amemwokota kwenye mdomo wa kisima kikavu nyuma ya shule. Alipomweka mezani, kinyonga alikatiza meza nzima mbio kama panya, akapanda ukutani, akashuka, akasimama akihema.

"Huyu kachelewa wapi?" seremala akacheka.

Mkewe, aliyekuwa akishona pale dirishani, alisimamisha cherehani. Hakucheka. "Mrudishe ulikomtoa, mwanangu."

"Mama, hana kwao."

Mtoto huyo alizaliwa baada ya mimba nyingi kuharibika, na tangu hapo neno "hapana" halikuwa na nguvu ndani ya nyumba ile. Kinyonga akabaki.

Daktari wa mifugo alisema kinyonga ana wasiwasi tu. Wasimweke kwenye boksi, bali kwenye kizimba kirefu cha wavu, apate hewa. Wamtilie matawi ya kupanda na majani ya kujificha. Wamnyunyizie maji, maana kinyonga hanywi bakulini, hulamba matone. Tena apate jua la asubuhi. "Mpeni starehe, atatulia mwenyewe."

Seremala alijenga kizimba kwa mapenzi. Alichagua mbao nzuri, akazipiga randa hadi zikateleza, akazungushia wavu wa waya, akakisimamisha chumbani kwa mtoto. Mkewe akashona pazia la kukinga jua kali. Kinyonga akaingizwa, akaanza kuzunguka. Kwaru, kwaru, kwaru, kucha juu ya waya, mchana kutwa. Panzi waliotiwa humo walizeeka bila kuguswa. Chumba cha mtoto kikaanza kunuka nywele zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu, kama waridi lililolowekwa likasahaulika.

"Baba, anasema ni pafupi."

"Nani anasema?"

"Yeye."

Seremala alitabasamu, akasema ataona kesho kutwa. Jioni ile mtoto akashikwa na homa iliyomfanya atetemeke hadi meno yakagongana. Hospitali walipima damu wakakuta hana kitu. Baba akaongeza urefu wa kizimba, na kabla hajaweka nyundo chini, homa ilikuwa imeshuka.

Basi ikawa hivyo. Anasema matawi ni membamba. Anasema taa inamuumiza. Anasema anataka upana. Wakichelewa, mtoto anaungua, wakitii, anapona. Kitanda cha mtoto kilihamishiwa kizingitini, kizimba kikameza kona, kikameza dirisha, mwishowe nguzo zake zikagusa dari. Seremala aliacha kazi za watu. Alikonda, vidole vikajaa vibanzi, na usiku mkewe alimsikia akinong'ona, "Nimpe nini tena? Nimpe nini?"

Alasiri moja mama aliingia kizimbani kunyunyizia majani, akasogeza yale makavu yaliyorundikana chini, na chini yake akamkuta kinyonga, mwepesi kama ganda la kitunguu, macho yameliwa na sisimizi, amekufa zamani, zamani sana, na wakati akiwa bado amemshika kiganjani, akijaribu kukumbuka ni lini hasa alipomwona mara ya mwisho badala ya kumsikia tu, kule juu ya kichwa chake, kwenye wavu mtupu ambako hapakuwa na kiumbe chochote, kucha ziliendelea kuzunguka, kwaru, kwaru, bila haraka, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake.

Aligeuka. Mtoto alikuwa amekaa kitandani. Jicho moja lilimtazama mama yake. La pili lilikuwa likifuata ile sauti juu ya waya.

Dada yake seremala ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene wa maneno makavu. Mganga alisimama mlangoni, akanusa, akakitazama kizimba kutoka sakafuni hadi darini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Nyie mmempa nyumba."

Alifukiza, akasoma, akamwita aliyemo aseme shida yake. Mtoto alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, tena mpole.

"Sikuvamia. Nilijengewa."

"Uende zako."

"Mwambie aliyenijengea aniambie mwenyewe."

Mganga akamvuta seremala pembeni. "Mkono uliojenga ndio ubomoe. Vunja nguzo zote, na usisimame, usikie utakachosikia. Ukisimama umemkaribisha mara ya pili, na hapo mimi sina la kusema."

Seremala akashika nyundo. Nguzo ya kwanza ilipopasuka, mtoto alipiga ukelele.

"Baba, mguu wangu!"

"Endelea," mganga akasema.

Ya pili. "Baba, mbavu! Baba, nimekukosea nini?" Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ile ya kuomba maji akiugua, na mama mtu akajitupa miguuni kwa mumewe, akalia, "Baba wee, unamuua! Huyo ni mwanetu!" na mganga akafoka, "Usisikilize!" na ya tatu ikaanguka pamoja na wavu, na damu ikachirizika puani kwa mtoto, nyekundu, ya kweli, ikadondokea shuka, naye seremala akainua nyundo juu ya nguzo ya mwisho, akimwangalia mtoto aliyekuwa akimnyooshea mikono yote miwili.

Nyundo ikaanguka sakafuni.

Mtoto akajifuta pua. Macho yake yalikuwa yametulia, yote mawili mbele.

"Mama, nina njaa," akasema.

Walimkumbatia, wakalia wote watatu. Mganga alifunga mkoba wake taratibu. Mama alimkimbilia mlangoni kumshukuru, naye akaurudisha nyuma mkono wake, asishikwe.

"Mmemlipia mtoto kodi," alisema. "Sijui hadi lini." Akaenda.

Mtoto alinawiri kweli. Alirudi shule, akanenepa, akacheka. Harufu ilipotea, na kucha hazikusikika tena. Seremala alirudia kazi za watu, na mkewe akaanza tena kuimba kwenye cherehani.

Hadi mchana mmoja, wakiwa wanakula, mtoto alimeza tonge, akanywa maji, akamtazama baba yake kwa upendo.

"Baba, utaanza kujenga lini? Anasema mkewe yuko njiani na watoto."

Mama aliweka kijiko chini. Seremala alimtazama mkewe, kisha akamtazama mtoto, shavu lake lililojaa, kinywa chake kinachotafuna. Alinawa mikono bila kumaliza chakula, akatoka nje kutafuta mbao.