Mrija wa Bigirimana

Joselyne, rafiki yangu anayefanya vibarua vya ujenzi, hata leo akisimulia kisa hiki hasira humpanda. Jumamosi moja alikwenda na wenzake kwenye kilabu cha pombe mtaani Kimisagara kunywa mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Mrija wa Bigirimana, mwenzao aliyefukiwa na udongo mtaroni kazini akafa, waliuchomeka pia kwa kumkumbuka. Kapita wao, msimamizi wa kazi, akaunyakua, akanyonya.

"Uache! Wewe ndiye uliyemnyima mbao za kuzuia udongo!" Joselyne alifoka, akampokonya, akaurudisha mtungini.

"Maiti haina kiu," kapita akacheka.

Mvua ikamwagika, umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Wote waliacha kunywa. Lakini mtungini ilisikika sauti ya mtu akiendelea kunyonya.

Umeme uliporudi, mtungi ulikuwa umejaa udongo mwekundu, na mrija wa Bigirimana bado unatikisika.