Zamu ya Maji ya Hezroni

Kitendawili! Semeni "tega" basi, nisikie kama mko macho.

Amerudi nyumbani, ameoga, amekula, amelala, lakini bado hajafika. Nani huyo?

Wewe unasema kivuli. Wewe unasema mgonjwa. Wapi! Nipeni mji. Mmenipa Same? Haya, Same naichukua, na soko lake na stesheni yake. Jibu ni askari aliyetoka vitani. Mimi namjua kwa sababu alikuwa mchumba wangu.

Aliitwa Eliufoo. Ilikuwa mwaka wa arobaini na sita, Mwingereza bado anatutawala, na sisi tunakaa milimani juu ya Gonja. Aliingia uani kwetu saa nne za asubuhi akiwa na mifuko miwili ya turubai begani. Mmoja ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wa kaka yangu Hezroni, aliyeondoka naye siku moja kwenda Burma na asirudi.

Mama alikuwa anachambua maharage ya makande. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo mfuko wa mwanangu uweke hapa miguuni kwangu."

Akauweka taratibu, utadhani una mayai.

"Alikufaje?" mama akauliza.

"Mama, barua ya jeshi haikufika?"

"Ilifika. Raheli, mletee, umsomee na yeye asikie."

Nikaitoa kwenye Biblia. Ilikuwa fupi, nimeishika kwa moyo hadi leo: "Tunasikitika kukujulisha kwamba mwanao Hezroni amefariki akiwa kazini huko Burma. Alikuwa askari hodari. Pokea pole zetu."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi sikunyonyesha karatasi, Eliufoo. Nakuuliza wewe uliyelala naye shimo moja. Alikufaje?"

Eliufoo akavua kofia yake, akaitazama kwa ndani kama jibu limeshonewa humo.

"Nitakuambia, mama. Si leo."

"Basi na harusi si leo. Mchungaji atangaze Jumapili zake tatu, simzuii. Lakini kwetu kaka ndiye anayemtoa dada yake mlangoni. Sasa mimi nijue kwanza huyo wa kumtoa alipotelea wapi."

Nikamsindikiza hadi kwenye migomba. Miaka minne nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, yote yakanikimbia.

"Umekonda," nikasema.

"Na wewe umekuwa mwanamke. Nilimwacha kigori mmoja hapa, kaenda wapi?"

"Kachoka kukungoja, kaolewa Kwakoa na mfuga ng'ombe."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona yule Eliufoo wangu wa zamani, mwenye pengo la jino mbele. Akanipa kioo kidogo chenye fremu ya shaba.

"Nilikinunua bandarini, tulipokuwa tunangoja meli. Nilikuwa nikikitazama nakuona wewe."

"Mwongo! Ulikuwa unajiona mwenyewe unanyoa ndevu."

Jumapili ya kwanza, mchungaji Ebenezer alisoma majina yetu, kisha akainua macho. "Anayejua kizuizi cha ndoa hii, aseme." Kanisa kimya. Wenzangu wakanifinya, nami nikaficha uso nikicheka. Nilipochungulia upande wa wanaume nikamwona Eliufoo anatoka jasho, na kulikuwa na baridi ya ukungu siku ile mpaka watoto wanatetemeka.

Watu wakaanza kusema. Anakula amesimama. Kitanda alichotandikiwa amekiacha, analala chini, mgongo ukutani. Viatu vyake vinang'aa lakini shamba lake ni magugu. Serikali ilimpa koti na medali, ikampandisha treni, ikamshusha Same. Baada ya hapo nani amuulize kama kweli kafika?

Wiki ile pembe ikalia mlimani. Msaragambo. Kwa sisi Wapare, pembe hiyo ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe kwa kazi ya wote, na asiyekuja anatozwa, hata awe mtoto wa nani. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, yaani bwawa letu. Kijito kinajaza ndiva usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu anazibua tundu kwa jembe, maji yanateremka na mfereji hadi shambani kwake. Na zamu ya maji, wajukuu zangu, ni kitu cha ukoo. Mtu hapewi hivi hivi.

Nikamwandikia Eliufoo kijikaratasi: "Kesho ni msaragambo wa ndiva. Njoo, watu wakuone. Raheli wako."

Kikarudi kimeandikwa nyuma: "Sitakuja. Usiniulize sababu. Wako, Eliufoo."

Hakuja kweli. Mchana Mzee Sefania, baba yake mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa maji, akamwendea na watu wawili. Mimi niliwafuata kwa nyuma.

"Eliufoo, mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, baba mdogo."

"Mkono umevunjika?"

"Haujavunjika."

"Basi mbuzi wako ndiye mgonjwa, maana tumekuja kumchukua."

Wale wawili wakaangua kicheko. Eliufoo akaendelea kupiga kiatu brashi.

"Yupo nyuma ya nyumba. Mchukueni."

"Tulidhani Burma wanafundisha vita, kumbe wanafundisha kukaa kitako!"

"Baba mdogo, nimechimba miaka minne. Nimechoka kuchimba."

"Mashimo ya Mwingereza umechimba. Tundu la maji ya mama yako ndilo linalokuchosha?"

Hapo akarusha brashi ukutani. "Chukua mbuzi uondoke! Ondoka! Nitaua mtu mimi hapa!"

Sefania akasema kwa upole, "Hilo nalo ulifundishwa," akaenda zake na mbuzi.

Jumapili ya pili mchungaji akauliza tena, watu wakakaa kimya tena. Lakini safari hii hakuna aliyenifinya.

Tangu Hezroni aondoke, zamu yake ya maji niliishika mimi. Alhamisi iliyofuata nilipanda hadi ndiva kunapambazuka, nikajitanda shuka, nikainama nazibua tundu. Nikasikia sauti kali nyuma yangu, sauti ya mtu nisiyemjua.

"Simama! Inua mikono!"

Nikageuka. Eliufoo alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani yenye umande, fimbo ameishika kama bunduki, ananilenga.

"Eliufoo, ni mimi! Ni Raheli!"

"Kwa nini hukujibu? Kwa nini umeinama hapo? Jua halijatoka! Nani amekuruhusu utoke?"

"Baba wee, ni mimi. Nafungulia maji. Niangalie."

Fimbo ikamtoka. Akakaa, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa njiani. Nikamshika kichwa.

"Unatembea hivi kila alfajiri?"

"Silali, Raheli. Nafika hapo kwenye jiwe, narudi."

"Ndiyo maana hukuja msaragambo."

"Nisingeweza. Watu wote wale wameinama na majembe." Kisha yakamtoka yenyewe. "Mvua ilinyesha siku tatu. Handaki likajaa maji, miguu ya watu inaoza. Hezroni akasema, sisi Wapare tunashindwaje na maji? Hakuweza kuona maji yamesimama, unamjua. Alfajiri akachukua jembe, akatoka mbele kuyachimbia njia. Hakumwambia mtu."

"Halafu?"

"Akapigwa."

"Nani alimpiga?"

Maji yalikuwa yanashuka yakilia kati ya miguu yetu. Eliufoo akanitazama machoni.

"Ukiniuliza mara ya pili nitakujibu. Na nikikujibu hakuna harusi."

Nisiwadanganye, wajukuu zangu. Nilielewa pale pale, kabla maji hayajafika shamba la kwanza. Lakini nilikuwa na miaka ishirini. Wenzangu wote wana watoto mgongoni, mimi nina kioo. Nilimpenda mtu yule. Nikachota maji, nikamnawisha uso.

"Basi sikuulizi," nikasema.

Nyumbani nikamkuta mama jikoni.

"Mama, Eliufoo ameniambia."

Akaacha mwiko ndani ya chungu. "Sema."

"Alikuwa anawatolea wenzake maji kwenye handaki. Na jembe, kama hapa. Mjapani akamwona."

"Mjapani?"

"Mjapani, mama. Risasi moja tu. Hakuumia."

Mama akalia mpaka makande yakaungua. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, na uso wake ukawa umelegea, sijapata kuuona hivyo tangu barua ile ije.

"Na jembe mkononi," akasema. "Huyo ndiye mwanangu. Sasa naweza kulala."

Kesho yake akawaita Eliufoo na Mzee Sefania. Akaketi katikati yao kama hakimu.

"Mzee Sefania, wewe ni shahidi. Zamu ya maji ya Hezroni nampa huyu. Alfajiri za Alhamisi ni zake, yeye na watoto atakaozaa na Raheli."

Sefania akashtuka. "Hii ni zamu ya babu wa babu yake Hezroni, mama. Umefikiri?"

"Nimefikiri. Alimwona mwanangu mara ya mwisho. Nani mwingine nimpe?" Akamshika Eliufoo mkono. "Mwanangu, nilikukunjia uso siku ile, unisamehe. Tangu leo wewe ndiye Hezroni wangu. Siku ya harusi wewe utakuwa bwana harusi, na wewe utakuwa kaka."

"Mama, mwache Raheli aendelee nayo," Eliufoo akasema.

"Raheli si anakuja kwako? Kuna tofauti gani? Alhamisi hii inayokuja nitapanda mwenyewe, mguu huu huu mbovu, nikuone unainama pale alipokuwa anainama yeye."

Sefania, ambaye siku zile mbuzi bado alikuwa kwake, akasema, "Kama ni hivyo mbuzi arudi. Mwenye zamu hatuwezi kumla mbuzi wake." Akacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka nao.

Eliufoo akanivuta nje, nyuma ya zizi.

"Umemwambia nini?"

"Kile ambacho wewe ungetakiwa kusema."

"Umemwambia Mjapani."

"Nimwambie nani, Eliufoo? Niambie, nimwambie nani?"

Akaegemea ukuta wa zizi.

"Ona alivyolala jana," nikamwambia. "Ukifungua mdomo utamuua. Na mimi nitabaki kwenye kigoda cha mama nachambua maharage mpaka meno yaishe."

"Anataka nikainame pale, Raheli. Yeye amesimama nyuma yangu ananiita Hezroni."

"Utazoea."

"Kwa siku ngapi?"

"Watu wanazoea kila kitu!"

"Kule nako walituambia hivyo hivyo," akasema, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa ile sikumwona tena. Jumamosi nikampelekea kijikaratasi: "Nakupenda. Kesho ni siku ya mwisho, tukae kimya tu, tutakuwa tumevuka." Hakikurudi.

Jumapili ya tatu mama alivaa kanga mpya na kukaa kiti cha mbele, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu msiba. Mimi nilikaa kando yake. Eliufoo aliingia na koti la jeshi, lakini medali hakuivaa. Nyimbo zikaimbwa, sadaka ikapita, mchungaji akafungua kitabu chake.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Eliufoo na Raheli wanakusudia kufunga ndoa. Anayejua kizuizi, aseme sasa."

Nikaanza kuhesabu moyoni. Nilifika nne.

"Kipo, mchungaji."

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Mchungaji Ebenezer akavua miwani.

"Bwana harusi, unajizuia mwenyewe? Keti, mwanangu, utani tutafanya nje."

Hakuketi. Akavuka kutoka upande wa wanaume, viatu vyake vinagonga sakafu, akaja hadi mbele ya mama. Akasimama wima kama anakaguliwa, kisha akapiga magoti.

"Mama, siku ile uliniuliza Hezroni alikufaje. Raheli amekujibu kwa niaba yangu. Raheli hakuwepo."

"Eliufoo, keti!" nikasema, na kanisa zima likanisikia.

Mama akanigeukia polepole. Akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

"Mwache aseme," akasema.

"Amri ilikuwa moja, mama. Kabla jua halijatoka, mtu yeyote atakayeonekana mbele ya handaki ni adui, asiulizwe jina. Hezroni aliijua. Lakini maji yalikuwa yamesimama, naye hakuyavumilia. Akatoka na jembe. Mvua inapiga, ukungu umeshuka. Mlinzi akaona mtu kainama."

"Mlinzi gani?"

Eliufoo akafungua kifungo cha juu cha koti. Mama akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akituamshia asubuhi tukiwa watoto.

"Mlinzi gani, mwanangu?"

"Mimi, mama. Nilimpiga mimi."