Wimbi Pacha

Siku mashine mpya ilipowashwa kwenye kituo cha mawasiliano cha nyanda za Kitulo, haikutoa hata mvumo. Ile ya zamani ilikuwa ikiunguruma mchana kutwa na kutoa joto kiasi kwamba wahandisi walikausha makoti yao juu ya mabomba yake. Hii ilikaa pale baridi kama jiwe la mtoni, na bado ilirusha angani sauti yenye nguvu karibu maradufu.

Aliyeibuni alikuwa Tusekile Mwakalinga. Wenzake walihangaika miaka mingi na upande wa kutokea wa kikuzamawimbi, kifaa cha kuongeza nguvu ya wimbi, kule nguvu zinakoelekea angani. Yeye alishughulika na upande wa kuingilia, saketi ndogo ambayo hakuna aliyeijali. Aligundua kwamba sehemu ya wimbi ilikuwa ikigonga mlango wa transista na kurudi nyuma, kama maji yanayomiminwa kwa haraka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Tena, pale pale mlangoni, transista ilikuwa ikizaa wimbi jingine, linalotetemeka mara mbili ya lile la kwanza. Wahandisi waliliita wimbi pacha. Kwao lilikuwa uchafu tu, ulioharibu umbo la wimbi halisi na kugeuza umeme kuwa joto. Saketi ya Tusekile ililifungulia wimbi halisi mlango, na pacha ikampa njia fupi ya kwenda ardhini akafie huko.

Alifanya yote hayo kwa ajili ya Ambakisye, kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Ambakisye alikuwa rubani wa chombo cha anga Lumuli, peke yake, akiikaribia sayari ya Neptuni, mbali kiasi kwamba sauti ilisafiri muda wa saa nne kumfikia. Alitakiwa kupita kando ya sayari hiyo na kutumia mvuto wake kugeukia nyumbani. Namba za kugeukia zingekokotolewa Kitulo na kutumwa siku za mwisho.

Zikatumwa kwa mashine mpya. Kisha sauti ya Ambakisye ikaja, tulivu.

"Kitulo, siwasikii. Tuse, kama uko hapo, rudia."

Mkuu wa kituo, Mzee Sanga, alimgeukia Tusekile. "Tuiangalie na mashine yako?"

"Mashine yangu haina shida, mzee. Nguvu imeongezeka, wimbi ni safi. Antena ya Lumuli ndiyo imepinda."

Wakatuma amri za kunyoosha antena. Wakazirudia, kwa nguvu zote za mashine mpya. Kila mara yalikuja maneno yale yale: siwasikii. Siku ya kugeuka ikafika, ikapita. Lumuli ikaipita Neptuni na kuendelea mbele gizani, haina tena mafuta ya kuirudisha, na hewa yake ilikuwa ya miezi michache.

Baadaye Ambakisye akazungumza tena.

"Nadhani kuna jambo limewapata huko. Sijui ni vita, sijui ni maradhi. Leo nimekufanyia msiba, mdogo wangu. Nimeimba ule wimbo wa kanisani uliokuwa ukiukosea kila Jumapili. Na mimi nimeukosea pale pale, makusudi."

Akauimba tena, wote wakisikia. Tusekile alisimama katikati ya wenzake akisikiliza matanga yake mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kukaa.

Siku hiyo ndipo alipoacha kuitetea saketi yake. Alipitia taarifa za hali ya chombo tangu safari ilipoanza, na jibu akalikuta humo. Kipokezi kikuu cha Lumuli kilikuwa kimekufa zamani. Kompyuta ya chombo ilihamia kimya kimya kwenye kipokezi cha akiba, kilichotengenezwa kusikia mtetemo wa maradufu, na kwa kuwa mawasiliano hayakukatika, haikumpigia mtu yeyote kengele. Muda wote huo Ambakisye alikuwa akiisikia dunia kupitia wimbi pacha. Kupitia ule uchafu.

Waliirudisha mashine ya zamani. Ilipoanza kuunguruma, Tusekile alisema maneno machache tu: "Kaka, ni mimi. Niko hai."

Jibu lilipofika, mwanzoni halikuwa na neno, ila pumzi za mtu anayelia kwa muda mrefu. "Uko hai," alisema mwishowe. "Ilikuwa nini, Tuse?"

Mzee Sanga akamwekea mkono begani. "Mwambie ni hitilafu ya mitambo, mwanangu. Hutakuwa umedanganya."

"Ni kaka yangu, mzee."

Akamweleza yote: saketi, pacha, namba ambazo hakuzisikia, na jinsi alivyokataa kuishuku kazi ya mikono yake. Kisha akangoja, kwenda na kurudi, saa nane nzima. Chakula walichomletea kilipoa mbele yake.

Sauti ya Ambakisye ilikuja ikiwa imechoka, haina hasira.

"Nimesikia. Mimi nilishakulilia wewe, Tuse, nikamaliza. Sasa naona zamu ni yako. Ila usianze leo. Bado nipo. Zungumza na mimi."

Tusekile alifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti karibu na kinasa sauti, akaanza kumsimulia kaka yake jinsi Kitulo kulivyoamka asubuhi ile.